A, Be, Che, Nimechoka

Ukitaka kujua nani anakudharau, mwambie unafundisha darasa la kwanza. Atatabasamu kwa huruma, atainamisha kichwa upande, halafu atasema, "Ahaa, kumbe wewe ni a, e, i, o, u tu." Hiyo "tu" ndiyo inayoniuma. Nimeisikia kwa konda wa daladala, nimeisikia kwa wifi yangu, nimeisikia benki nilipokwenda kuulizia mkopo, na shuleni ndiyo naishi nayo, maana walimu wenzangu wa madarasa ya juu wakikaa ofisini na vitabu vyao utadhani wanaandaa bajeti ya serikali. Mwalimu wa la saba akikohoa mara moja anaulizwa kama aletewe chai ya tangawizi. Mimi nikikauka sauti kabisa, nikawa nazungumza kwa ishara, naambiwa, "Si ulikuwa unaimba na watoto?"

Ndiyo, nilikuwa naimba. Na kuruka. Na kuongoza makofi ya kilo, makofi ya mvua na makofi ya treni, kwa sababu mtoto wa miaka sita ukimwambia "vizuri" pasipo makofi anajua kakosa, anaanza kulia. Natamani siku moja nimwone huyo wa la saba akifundisha asilimia huku anaruka kichura, na ile suruali yake iliyopigwa pasi ikakatika mstari.

Tuanze na idadi. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Sina ugomvi na mwongozo, umeandikwa vizuri na watu waliokaa kwenye viti. Lakini tangu Januari 2016, elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, wazazi walileta watoto wote waliokuwa nao ndani, na kwa jinsi darasa langu linavyojaa kila mwaka nahisi wengine wanaazima kwa jirani. Huku kwetu, njia ya kwenda Chanika, Januari haijaisha nimeshavuka mia. Dawati la watatu linakaliwa na watano. Wa sita yupo nusu: nusu yake imekaa, nusu nyingine inamsubiri wa tano aombe ruhusa ya kujisaidia. Kipindi ni dakika 30. Gawa mwenyewe ujue kila mtoto anapata nini. Mimi niligawa nikaona jibu linakuja kwa sekunde, nikafunga daftari.

Na hiyo ruhusa ya kujisaidia, jamani. Anaanza mmoja, kwa adabu zote, mikono nyuma: "Mwalimu, naomba kwenda kujisaidia." Nenda. Hajafika mlangoni wamesimama wanne, kwa sababu haja ya darasa la kwanza huambukiza. Ukiwakatalia unabaki na roho juu kipindi kizima, unafundisha jicho moja likiwa sakafuni. Ukiwaruhusu wanakwenda kuangalia fundi anayepaka rangi choo cha walimu, wanarudi wamepaka na wao. Asiyebanwa kweli ndiye anayeruka miguu miwili kwa uchungu wa kutia huruma. Aliyebanwa amekaa kimya, haya imemshika, mpaka jirani yake atangaze.

Jirani ndiye mwandishi wa habari wa darasa hili. Hakuna kinachotokea pasipo taarifa. "Mwalimu, huyu kanifinya." "Mwalimu, huyu anachungulia." "Mwalimu, huyu kasema leo hakuoga." Haya yote unayapokea huku umeshika chaki hewani, nusu ya herufi iko ubaoni, nusu iko kichwani kwako, na ukishageuka kumsikiliza mlalamikaji unasahau ulikuwa unaandika h au n. Ila kuna shtaka moja ambalo mwalimu mgeni akipangiwa darasa hili namwonya mapema. Mtoto akija na machozi akasema, "Mwalimu, huyu kanitukana," usimuulize kasemaje. Usithubutu. Kwa sababu atakujibu. Atalijibu tusi lote, kwa sauti ya kutosha, kila silabi mahali pake, na wale mia na ushee watanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ili wasikie vizuri. Mtoto ambaye ukimwekea b na a anatetemeka mwezi mzima, tusi la herufi kumi na mbili lenye mwambatano katikati analitamka hana hata chembe ya kigugumizi. Halafu mshtakiwa anainuka, anasema, "Mwalimu, mimi sikusema hivyo," na anakusahihishia.

Nije kwenye penseli, maana ndiko mshahara wangu unakoishia.

Mtoto anakuja Jumatatu na penseli mpya, ndefu, yenye ufutio mwekundu nyuma. Saa mbili na nusu ufutio umeshang'atwa na kumezwa. Saa tatu penseli imechongwa pande zote mbili, kwa sababu wa pembeni yake kamwambia ukichonga huku na huku unakuwa na penseli mbili. Kengele ya uji inapogongwa kimebaki kipande ambacho ukikishika vidole vyenyewe vinagusana, na maganda yametapakaa chini ya dawati kiasi kwamba ungeweza kuinjika chai. Usidhani alikuwa akiandika. Hajaandika hata nukta. Alikuwa anachonga. Kesho yake mama anafika, kajifunga kanga kiunoni, anataka haki: "Mwalimu, penseli ya mwanangu imeibiwa, nimeinunua jana tu." Mama, haijaibiwa. Imeliwa.

Wasio na kichongeo wanakuja na wembe. Nawanyang'anya, naweka kwenye droo. Siku mtu akiipekua droo yangu bila maelezo, atadhani baada ya saa za kazi nanyoa watu vichwa. Na wasio na ufutio wanatumia mate. Kaa karibu uone: kidole cha shahada kinaingia mdomoni, kinatoka kinang'aa, kinashuka kwenye karatasi kinasugua. Herufi inafifia. Inageuka doa la kijivu. Doa linapanuka, karatasi inaanza kutoa nywele, mwishowe inaona heri yaishe, inatoboka. Mtoto anainama, anachungulia kwenye tundu, anauona ukurasa wa pili uko safi, anaendelea na zoezi kupitia humo humo. Ndiyo maana nikisahihisha nakuta neno lina herufi tatu ukurasa huu na ya nne iko upande wa pili, na kwa haki ya Mungu lote liko sahihi.

Katikati ya uhaba huo ametokea mfanyabiashara. Anakaa nyuma, kando ya dirisha, kajikunyata muda wote utadhani ana baridi. Namwita Bwana Kichongeo. Ndiye pekee mwenye kichongeo cha chuma, kile kizito kisichovunja ncha, sijui babu yake alikitoa wapi. Ukitaka akuchongee unatoa ubuyu punje mbili. Huna, anakukopesha, ila kesho ni tatu. Nimemsimamisha mara nyingi kwenye somo la Kuhesabu. Tano jumlisha tatu? Anaangalia dari. Mbili jumlisha mbili? Anaangalia dari, halafu anaangalia viatu vyangu. Lakini mwulize nani anadaiwa, punje ngapi, tangu lini, atakutajia dawati kwa dawati pasipo kuandika popote. Kwenye Kusoma ndiyo kabisa. Chati zote nimechora mwenyewe, kwa rangi ya mafuta, kwenye viroba vya unga nilivyovichana na kuvifua, nimezitundika ukuta mzima, na yeye zile chati anazitazama kwa heshima anayotazamiwa mgeni asiyejulikana katokea wapi. Kwenye fomu yangu ya maendeleo nimemweka kundi la wasiojua kusoma kabisa.

Sasa nizungumzie baba zenu.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015, ule wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ambao sote tunauita KKK, ulitutaka tufundishe sauti za herufi. Ile A, Be, Che, De tuliyoimba sisi hadi tukalala nayo imewekwa pembeni. Herufi m ni kufumba midomo na kuvumisha. Herufi s ni kukutanisha meno na kupuliza. Ukishajua sauti ya m na sauti ya a, unazisogeza zinapata ma, hujamuuliza mtu. Kiswahili nacho kimetubeba, kinaandikwa kinavyosikika. Njia ni nzuri, nitaitetea mbele ya yeyote, mama mkwe wangu akiwemo. Kasoro yake ni moja: nyumbani hakuna aliyeambiwa.

Akaja baba mmoja, saa ya mapumziko, kavua kofia. "Mwalimu, nimekuja kistaarabu. Mwanangu zamani alikuwa anajua a, be, che, de yote, nilimfundisha mwenyewe. Tangu aje hapa kwako, kila nikimwonyesha herufi ananguruma."

"Ananguruma vipi, baba?"

"Hii," akachora m kwenye vumbi kwa kidole cha mguu, "anafumba mdomo, anavuma. Hii ya nyoka, anapuliza kweli kama nyoka. Hii nyingine anatetemesha ulimi, bodaboda mtupu. Mama yake anataka apelekwe akaombewe."

Nikamweleza kwamba mtoto hajapagawa, anasoma. Akanishukuru, akavaa kofia, akaondoka. Baadaye nikasikia kwa mtoto mwenyewe kwamba maombi yalifanyika vilevile, kwa tahadhari.

Na b na d! Kama kuna mtu wa Taasisi ya Elimu anasoma hapa, namwomba anitafutie aliyezibuni hizi mbili nimshike shati. Nimefundisha kwamba b tumbo lake liko mbele na d mzigo wake uko mgongoni. Wameelewa, wameitikia "ndiyo mwaaalimu" mpaka bati likatikisika. Halafu wanakaa kuandika. Daftari la kwanza nililolifungua, baba amekuwa dada. Sentensi ilikuwa rahisi: baba analima, dada anasuka. Kwa mujibu wa zoezi lile, dada yuko shambani tangu alfajiri na baba kakaa kibarazani anasuka. Lililofuata, wote wawili ni dada. La tatu wote ni baba, nyumba haina mtu wa kupika. Nikasahihisha ukoo mzima hadi kalamu nyekundu ikaisha wino, na nilipowauliza tena kwa mdomo, tumbo liko wapi, wakajishika matumbo yao.

Kusahihisha kwenyewe ni vita. Hujamaliza kuandika zoezi ubaoni mtu keshapiga kelele, "Mwalimu, nimemaliza!" Huyo hajaandika, ila anataka kuwa wa kwanza, mengine baadaye. Wanakuzunguka. Daftari linawekwa juu ya daftari, kiwiko juu ya kiwiko, kamasi juu ya fomu ya mahudhurio. Kila mmoja anadai alama yake ya vema iwe kubwa kuliko ya mwenzake, na ukimpa ndogo kwa sababu mkono umechoka anakwenda kuirefusha mwenyewe. Niliwahi kumwandikia mmoja "Jitahidi". Mama yake alifika akiwa na shangazi wawili kuniuliza nina chuki gani na ukoo wao.

Kuhesabu nako kuna gharama zake, na hasa gharama ya jina. Zana bora za kuhesabia ni zile zisizoliwa. Mahindi tuliyaacha mapema. Walikuwa wanatoa kabla hatujafika kwenye kutoa. Maharage nayo yanaingia puani, na harage likishaingia puani halitoki kwa mazungumzo. Tumebaki na vijiti na vizibo. Vijiti wanapigania. Vizibo ndivyo vinafaa, havivunjiki, vinapangika, vina sauti nzuri. Na vizibo viko wapi kwa wingi, mtaani kwetu? Viko baa.

Sasa nifikirie mimi, mama mtu mzima, Jumapili mchana watu wanatoka ibadani, natoka mlango wa nyuma wa baa na mfuko unalia kwacha kwacha. Mhudumu ananisindikiza, ananiambia kwa sauti, "Mwalimu, karibu tena Jumamosi, Jumamosi ndiyo vinakuwa vingi." Mzee mmoja wa baraza la kanisa alinitazama, akautazama mfuko, akaniambia atanikumbuka katika sala.

Nikavifua kwa sabuni, nikavianika, nikavipeleka darasani kwa fahari. Nikasema kila mmoja achukue vitano. Wakavichukua, wakaviangalia, na pasipo kufundishwa na mtu wakaanza kuvipanga kwa aina. Chenye mlima huku. Chenye mnyama kule. "Mwalimu, hiki cha baba yangu." "Hata baba yangu hiki." "Baba yangu zamani alikuwa hiki, sasa hivi hiki." "Mama yangu hiki, ila usimwambie baba." Katika dakika 30 nilizopewa kufundisha tano, nilipata ripoti kamili ya matumizi ya kaya za mtaa mzima. Tano yenyewe hawakuijua. Tangu siku ile baadhi ya wazazi wakiniona njiani wanavuka barabara, na mimi nawaelewa.

Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ukaanza, na la kwanza tukaongezewa Kiingereza. Sina la kusema sana hapo. Herufi ile ile niliyomfundisha asubuhi inasema hivi, mchana namfundisha inasema vingine, na mtoto ananitazama kwa macho ya mtu aliyetapeliwa Kariakoo. Wifi yangu ndiye amefurahi. Mwanawe anasoma shule ya kulipia, ya soksi ndefu na tai, na kila nikienda kwake mtoto anaitwa sebuleni asimame juu ya stuli amsalimie shangazi kwa Kiingereza. Mtoto anasalimia. Mimi naitikia. Wifi anasema, "Na wa kwenu wanajua hata hii?" Nakula pilau yake, nanyamaza, kwa sababu pilau ni tamu.

Mama mkwe ndiye hakimu mkuu. Yeye alisoma zama za UPE. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ikifika 1977 watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe shuleni, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba wakafundishwa kazi huku wanafanya kazi. Mama mkwe anasema yeye alifundishwa chini ya mwembe, na kijana aliyemzidi umri kidogo tu, hakuna chati, hakuna vizibo, hakuna kurukaruka, na kusoma akajua.

"Mlikuwa wangapi, mama?"

"Tulikuwa wengi."

"Na wote mlijua?"

Hapo mama huomba aletewe maji ya kunywa.

Lakini kinachonikera kuliko wote hao ni ofisi ya walimu. Mwaka mzima mimi si kitu, mimi ni a, e, i, o, u. Matokeo ya la saba yakiwa mazuri, anayepongezwa ni wa la saba, anakatiwa keki, anapigwa picha na mwenyekiti wa kamati ya shule. Sawa. Yakiwa mabaya, kikao kinakaa, watu wanavuta pumzi, na mwalimu wa la saba anasimama, anakunja mikono kifuani, anasema, "Ndugu zangu, tuseme ukweli, watoto hawa msingi wao ni mbovu." Vichwa vyote vinageuka kuniangalia mimi. Mimi ambaye watoto hao niliwaaga miaka sita iliyopita, wakapita kwa walimu wengine wote waliomo humo ndani, wakapimwa KKK darasa la pili, wakafanya upimaji wa la nne, na leo mwenye makosa ni aliyewafundisha kushika penseli.

Yeye huyu wa la saba, ambaye pia ni mwalimu wa taaluma, hapitishi siku mbili hajaja darasani kwangu. Anasimama mlangoni, habishi hodi, anaazima. Chaki za rangi. Rula kubwa. Gundi. Anasema, "Nyie huku mambo yenu ya kucheza, hamna haraka." Nikamkumbusha siku moja, kwa upole kabisa, kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaifanya shule ya msingi kuwa ya miaka sita. La saba linakwenda kuondoka, mwalimu mwenzangu. La kwanza haliondoki. Wafanye wafanyavyo, hawawezi kuanzia la pili. Alininunia siku kadhaa, kisha akarudi kuazima gundi.

Basi nikanunua kanga. Sikuinunua kwa ajili ya mtu, niseme hivyo mapema. Vumbi la chaki linaharibu nguo, kila mwalimu wa kike anajua, unajifunga kanga kiunoni unafanya kazi. Nilikwenda sokoni, muuzaji akanikunjulia doti nyingi, nikachagua hii kwa rangi yake. Rangi ni zambarau. Maneno yaliyoandikwa pale chini ni UNANIDHARAU LAKINI UNANIHITAJI. Nilichagua kwa rangi.

Nikawa naivaa. Wiki ya kwanza mwalimu wa la saba alipokuja mlangoni alisoma, akameza mate, akaomba chaki.

Ndipo akaja mthibiti ubora. Zamani tulimwita mkaguzi, siku hizi haitwi hivyo, ila tumbo linauma vilevile. Taarifa za ujio wake tulizipata amekwisha fika getini. Mwalimu mkuu mbele, mthibiti katikati na faili lake, mwalimu wa taaluma nyuma kabeba kiti. Watoto wakasimama, wakaimba ile shikamoo ndefu isiyoisha, wakakaa, madawati yakalia. Mthibiti akaangalia andalio langu la somo, akaangalia azimio la kazi, akaangalia viroba vyangu ukutani, akatikisa kichwa kwa namna ambayo huwezi kujua ni ndiyo au ni pole. Kisha akasema angependa kumsikia mwanafunzi mmoja akisoma. Yeyote tu.

Nina watoto saba hivi wa kutolea mbele ya wageni. Wako madawati ya mbele, wamenawa uso. Mthibiti akawapita wote, akaenda moja kwa moja hadi nyuma dirishani, akamwekea mkono begani Bwana Kichongeo.

"Simama, kijana. Nisomee chochote unachokiona humu darasani."

Nikajua kumekucha. Nikasogea mbele ya ubao, nikawa namwonyesha kwa macho chati rahisi kuliko zote, ile ya ma, me, mi, mo, mu. Hakuiangalia. Aliangalia dari kwanza, kwa mazoea. Halafu akashusha macho taratibu, yakapita kwenye ubao, yakapita mabegani kwangu, yakatua kiunoni. Akafumba midomo, akakunjua ulimi, akaanza kuzisogeza sauti moja moja nilivyofundisha.

"U... na... ni... dha..."

Herufi mwambatano dh tulikuwa hatujaifikia. Iko muhula wa pili.

"... ra... u. Unanidharau. La... ki... ni. Lakini. U... na... ni... hi... ta... ji."

Akameza mate, akakusanya, akaisoma yote kwa mkupuo, kwa kituo mahali panapostahili kituo: "Unanidharau, lakini unanihitaji."

Darasa likapiga makofi ya treni. Mwalimu mkuu akawa anachunguza kucha zake. Mimi nikajaribu kuikunja kanga upande wa pili, ila kanga, nyote mnajua, maneno yake hayafichiki.

Mthibiti hakucheka. Akaandika kitu kwenye faili, akaandika tena kirefu, akainua uso. "Kusoma ni kwa ufasaha. Na ufahamu je? Kijana, maneno hayo yanaambiwa nani?"

Bwana Kichongeo hakuangalia dari. Akanyoosha mkono wenye kidole cheusi cha risasi ya penseli, akamwelekezea mwalimu wa la saba, aliyekuwa bado kasimama ameshika kiti.

"Yule."

"Umejuaje?"

"Huwa anakuja kuazima. Na juzi alikuja na penseli yake, nikamchongea, hajanilipa ubuyu wangu."

Ofisi nzima ya elimu ingesikia sindano ikidondoka. Mthibiti akamgeukia mwalimu wa taaluma, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Mwalimu, unadaiwa punje ngapi?"

Mwalimu wa la saba akafungua mdomo, lakini alicheleweshwa na hesabu.

"Nne," akasema kijana. "Zilikuwa mbili, jana tatu, leo nne. Kama hana, Ijumaa zitakuwa sita, maana kesho na keshokutwa nazo nahesabu."